Nywele za Malkia

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya mwajiri mpya, kule Al Wakrah, mji wa Kiarabu nilikokuja kutafuta kazi, nilifika na ndoo, kitambaa na chupa ya dawa ya kung'arisha fedha. Familia niliyokuwa nikiifanyia kazi Al Thumama ilikuwa imehama nchi, na kabla ya hapo, nyumbani Nakuru, nilikuwa msusi. Mtunzaji wa chumba cha sarafu, bwana mwembamba kutoka Goa, aliiona ile chupa akaruka kana kwamba nimeingia na nyoka.

"Toa nje! Sarafu haisuguliwi. Ukiisugua, umeiua!"

Basi nikaanza kazi kwa kufundishwa kutofanya kazi. Ule weusi juu ya fedha, alinieleza, unaitwa utando. Sarafu huuvaa yenyewe kwa miaka mingi, na wakusanyaji huupenda kuliko mng'aro. Kanuni ya pili: sarafu hushikwa ukingoni, kwa vidole viwili vyenye glavu za pamba. Uso wake haushikwi kamwe. Mimi niliyelelewa kusugua sufuria mpaka ujione sura, nilidhani watu hawa wana kichaa cha kupenda uchafu. Lakini mgeni hachagui ngoma, nikacheza.

Baba, ndivyo wafanyakazi wote tulivyomwita mwenye nyumba, alikuwa mhandisi mstaafu. Alikuwa na sarafu za nchi nyingi, ila moyo wake ulikuwa kwa malkia mmoja wa Uholanzi. Malkia huyo alirithi kiti akiwa na miaka kumi, mama yake akamshikia madaraka mpaka akafika kumi na minane. Alitawala zaidi ya nusu karne, kisha akamwachia bintiye kiti kwa hiari yake. Sarafu zilikua pamoja naye. Katika zile za kwanza ni mtoto, nywele zimeachwa zishuke mgongoni. Halafu ni msichana, nywele zimebanwa juu, na taji dogo. Halafu ni mwanamke mzima katika joho la manyoya. Mwisho ni mama mtu mzima, nywele zimefungwa kifundo kisogoni, kichwa kitupu, taji hakuna.

Nilimpenda papo hapo, na sababu naijua. Binti yangu Wanjiru naye alikuwa akikua hivyo hivyo, picha baada ya picha kwenye simu, na kila picha ina mtindo wa nywele uliosukwa na mikono ya mtu mwingine. Iliniuma.

Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Neno la Mtunzaji ndilo lingenipa kibali cha ukaazi, na bila kibali hicho Wanjiru angeacha masomo ya uuguzi. Kwa hiyo nilifuta makabati, nikasimama wima ukutani, nikafunga mdomo. Kiti mezani pale hakikuwa cha mtu wa ndoo.

Wiki ya mwisho ya majaribio, Okello, dereva wetu kutoka Uganda, alimleta muuzaji mmoja. Muuzaji alikuwa na guldeni, sarafu ya fedha ya Uholanzi, yenye sura ya malkia mtoto; ndiyo pekee iliyokosekana katika trei ya Baba. Mtunzaji aliipima kwenye mizani: uzito sawa. Aliizungusha ukingoni, ambako guldeni huwa na maneno ya kumwomba Mungu awe pamoja nasi: yapo. Baba akapiga makofi, akaagiza chai ya karak, ile nzito ya maziwa, kwa wote.

Nilipokuwa naiweka chai mezani, nikaiona. Maneno yakanitoka.

"Baba, huyu mtoto hajachanwa nywele."

Okello akanisogelea toka mlangoni, akaninong'oneza, "Mama Wanjiru, nyamaza bwana! Unataka turudishwe kwetu sote?"

"Wewe ni wa kufuta vumbi," Mtunzaji akasema bila kugeuka.

Lakini nywele nazijua. Nikaomba waiweke kando ya ile sarafu ndogo ya senti kumi yenye sura hiyo hiyo ya utotoni. Kwenye ile ndogo, kila unywele ulitoka kwenye shina lake ukashuka peke yake. Kwenye guldeni, nywele zilishikana mafungumafungu kama kichwa kilichopakwa mafuta mengi. Mtunzaji akachukua lenzi. Akatazama muda mrefu. Sarafu halali hugongwa kwa muhuri wa chuma, na kila mstari husimama. Hii ilikuwa imesubiwa, fedha iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, na humo mistari hulegea. Ndani ya nywele palikuwa na vitundu vya hewa vidogo kuliko punje ya mtama. Muuzaji alianza kukusanya vitu vyake.

"Leta kiti," Mtunzaji akaniambia.

Nikaleta, nikijua anataka kukaa aandike barua ya kunifukuza.

"Si changu. Ni chako. Yalla, keti."

Nilikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na minne. Ninyi vijana mlionifuata huku, mnaolinda milango na kutandika vitanda vya hoteli, msidharau kazi mliyoiacha nyumbani. Mikono haisahau.

Wiki hii nimestaafu. Mizigo imefungwa chumbani kwangu Abu Hamour. Jana Baba aliniita mezani, Mtunzaji akiwa kando yake na mvi zake, akanipa senti kumi iliyochakaa, ile ya malkia asiye na taji. Nikanyoosha mkono nichukue glavu.

"Khalas, acha glavu," Mtunzaji akasema. "Hii ni yako. Mshike."

Nikampitisha malkia kidole gumba usoni, kwa mara ya kwanza, taratibu, mpaka kwenye kifundo cha kisogoni. Nilicheka na machozi yakanitoka. Kifundo kilikuwa kimekaza vizuri.

Wanjiru, muuguzi siku hizi, amenipigia leo asubuhi. Amefumua nywele zote, anasema, na hakuna atakayemgusa kichwa mpaka nifike.