Ripoti ya Bi Takwimu

Hospitalini walimwita Bi Takwimu, na jina hilo alilipenda kupita kiasi. Alikuwa fundi wa mtandao mwaka wa nane sasa, na kila Jumatatu ripoti yake ilitaja kila chumba kimetumia intaneti kiasi gani. Akikuita mlafi, umekwisha.

Safari hii mlafi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga picha za eksirei katika jengo jipya. Saa nane mkutano wa wakuu wa hospitali ungeamua akatiwe laini kila siku mchana kutwa, kama ilivyokatwa ya wodi ya wazazi mwezi uliopita, na picha za wagonjwa zingesubiri jioni ndipo zimfikie daktari bingwa aliye mbali.

"Shemeji, punguza sinema," alimtania asubuhi, mlangoni kwake.

Shemeji hakucheka. "Nina mzee hapa kavunjika nyonga. Picha yake ikisubiri mpaka jioni, utakuja kumweleza wewe."

Maneno yale yalimkaa rohoni. Alirudi mezani, akaifungua ripoti kwa hasira ili apate cha kumnyamazisha. Akakuta kituko: saa nne laini ya jengo jipya ilipitisha megabiti mia na arobaini kwa sekunde, wakati laini yenyewe mwisho wake ni mia. Ndoo ya lita kumi haitoi lita kumi na nne, hata uiinamishe vipi.

"Basi mmoja wetu ni mwongo," aliiambia kompyuta, "na leo tutajuana."

Chai ikapoa. Akampigia shemeji. "Nitumie picha moja tu. Ina ukubwa gani?"

"Megabaiti hamsini."

Takwimu zikaandika mia. Wakarudia: mia. Akatuma faili ya ukubwa uleule kutoka jengo la zamani: hamsini.

Alishika tochi, akaenda mbio hadi kabati la vifaa la jengo jipya. Ruta ya pale, kifaa cha kugawa intaneti alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe jengo lilipofunguliwa, ilihesabu kila kilichopita. Ruta kuu ya hospitali nayo ilihesabu kilekile, na ripoti ikajumlisha zote mbili. Ni sawa na walinzi wa milango miwili kumwandika mgeni mmoja, halafu useme wamekuja wageni wawili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alizima hesabu ya ruta ndogo, wakajaribu tena. Hamsini. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Mkutanoni alimkuta mganga mkuu kashika kalamu juu ya amri ya kukata laini.

"Usisaini," alisema, akihema. "Shemeji yangu hana kosa. Nilimhesabu mara mbili."

Mganga mkuu aliweka kalamu chini. "Afadhali umewahi. Kaa basi."

Hakukaa. Alimtazama muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, aliyekaa mwisho wa meza.

"Dada," alisema, "na nyie tuliowakatia mko jengo jipya."