Semina ya Zabibu

Kosa langu la kijinga lilikuwa kuona aibu. Nilisikia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, nikataka kumuuliza jirani yangu kinakutana wapi. Lakini yule mama hamung'unyi maneno, nikaogopa, nikasema natafuta semina ya zabibu. Akanielekeza Makutupora, kwenye mashamba ya mizabibu. Nami, mtu nisiyetoka hata kununua chumvi, nikaenda kweli. Huko mkulima mmoja mkarimu akanikaribisha nionje divai yake. Nilikimbia kama mwizi.

Nilikuwa na siku tisa bila kunywa. Tangu tumzike rafiki yangu, tuliyekuwa tukinywa naye sebuleni kwangu, kila jua lilipozama nilisikia kikohozi chake mlangoni, kile cha kuniambia nitoe glasi. Nilijua nikimfungulia nitamfuata kaburini.

Niliporudi, vumbi hadi kwenye kope, jirani alikuwa anapepeta mtama.

"Haya, mtaalamu, umejifunza kupogoa?"

Nikaishiwa uongo. Nikamweleza yote, hata kikohozi. Akaacha kucheka, akaweka ungo chini. Kumbe kikundi kinakutana kwenye ukumbi wa kanisa lake, nyuma tu ya nyumba yangu, na yeye mwenyewe ni mwanakikundi, mwaka wa nne sasa hajaonja.

"Na marehemu alikuwa anakuja kikundini kwetu, jirani," akasema. "Alimaliza miezi miwili hajagusa pombe, mpaka siku ulipomwita kwako mnywe moja tu."