Kichwa kimekwama kwenye chetezo cha mama mkwe

Kisa hiki tumetumiwa na dada mmoja wa Lamu. Jina lake tunalo sisi, nanyi msimtafute. Msomeni, mshaurini.

Asalaam alaykum admin na nyote. Nina miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, naishi Wiyoni kwa mama mkwe. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Ni mtu mwema, ila ana wazimu mmoja: makombora ya mizinga ya vita vya kale.

Wenzangu waume zao wanahangaika na wanawake, wangu anahangaika na shaba. Wapiga mbizi humletea vipande, leo ganda, lile kopo la shaba la kutilia baruti, siku nyingine kichwa, ile ncha ya chuma inayorushwa. Kazi yake ni kuvioanisha. Anasugua kitako cha ganda kwa limau mpaka alama zionekane, anapima mdomo, halafu anatafuta kichwa kinacholingana. Akikipata hufurahi kama kaoza binti. Nilikuwa namcheka, "Bwana mshenga, leo umemwoza nani?" Vichwa vyote alivyoleta vilikuwa vitupu, ukichungulia unaona ndani.

Mama mkwe naye ana ganda lake aliloachiwa na marehemu mumewe, na miaka yote amelifanya chetezo. Anatia makaa, anatia udi, nyumba inanukia. Mwezi jana mume wangu alipokea kichwa kutoka Pate, kilipakiwa boti kwenye gati la Mtangawanda kikiwa ndani ya gunia. Alikijaribu kwenye maganda yake yote kikakataa, akachukua chetezo cha mamake. Kikaingia. Akakigonga kidogo kwa nyundo kikae sawa, kikakwama papo hapo. Nilipotaka kukifuta vumbi nilishindwa kukinyanyua kwa uzito. Niliogopa, wallahi. Hiki hakina tundu popote, kimejaa.

Nikamuuliza, "Baba Swabra, na kikiwa na baruti?"

"Weye huyui mambo haya," akanambia. "Kitu kimelala baharini tangu vita vya wazungu, mai ya chumvi yameshakimaliza."

Lakini alikipiga picha akamtumia mzungu mmoja wa ng'ambo anayekusanya vitu hivyo. Simu ilikuwa mkononi mwangu jibu lilipoingia. Mzungu alisema msikiguse, tokeni nyumbani, iteni serikali. Nikampa mume wangu simu, akasoma, akafuta.

"Serikali!" akasema. "Wakute kombora kwangu, hapa Lamu? Wataniuliza kwanza au watanitia ndani kwanza?"

Mtaani kwetu kuna mtu alichukuliwa kwa kitu kidogo kuliko hicho, na mkewe mpaka leo hajui ampelekee wapi chakula.

Sasa wifi yangu anaolewa kesho kutwa, na mama mkwe anataka chetezo chake afukizie nguo za biharusi. Anasema hakuna binti yake aliyetoka nyumba ile bila kufukizwa kwa chetezo cha babake. Mume wangu amemwahidi. Kwenye injini, nati ikishika kutu yeye huipasha moto mpaka ilegee, na ndivyo anavyotaka kufanya leo.

Mama mkwe akamwambia, "Tia makaa kando kando, mwanangu, hicho kitwa kitatoka chenyewe."

Wanapanga kama watu wanaopalia wali makaa. Nimelia, nimenuna, nimesema nawapeleka watoto kwa mamangu, Amu mjini. Wakasema nina kijicho na harusi ya wifi, nataka kuiharibu. Mume wangu akaniapia nikitoka na watoto nisirudi. Nikiripoti, huenda nisimwone tena baba wa watoto wangu, na ukoo mzima utanilaani. Nikinyamaza, chumba wanacholala wanangu kiko nyuma ya ukuta wa uani, hapo hapo watakapowasha moto. Nampenda mume wangu, na namwogopa kwa ujinga wake. Asubuhi nimelificha gunia la makaa chooni, ndiyo akili pekee iliyonijia.

Nishaurini jamani, nifanye nini? Nitukaneni baadaye, sasa hivi nijibuni. Nasikia mama mkwe anarudi kutoka kwa jirani, anamwita mwanawe aje uani, "Ndoo uyatwae, makaa haya hapa."