Ngumi Moja ya Shabu

Mwanangu wa kidato cha kwanza, keti nikuambie, maana iko siku moja haijanitoka kichwani, ya mwaka ule barabara za Al Mansoura, mtaa wetu huku ughaibuni, zilipochimbuliwa kupitisha treni ya chini. Usiniulize nani kanipa mamlaka ya kukuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, nimetolewa darasani mara nyingi kuliko ulivyokula biriani, na wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi.

Nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya mwisho. Juma lililotangulia nilitia rangi nyekundu ya keki kwenye tangi la maji ya maabara, nikawaambia wadogo kwamba ile ni damu ya mwalimu wa hesabu. Wawili walilia. Mwalimu Nakato, Mganda anayetufundisha kemia, hakunigombeza, alimwita baba. Baba ni msimamizi wa jiko la hoteli, wapishi wakimsikia anakohoa wananyooka. Siku ile alisimama mbele ya meza ya mwalimu, kofia ya kazi mikononi, akiniombea. Mwalimu akatoa sharti: Alhamisi, siku ya maonyesho, nieleze mbele ya wazazi jinsi watu wa zamani walivyoanza kuchunguza kwa nini vumbi laini lililomo majini hushikana likazama. Nikileta mchezo, natolewa kemia mwaka mzima.

Nikafungua kitabu alichoniazima. Mwanangu, nilicheka. Kulikuwa na wataalamu, zaidi ya miaka mia iliyopita, kazi yao kutia chumvi kwenye vyombo vya maji ya ukungu, kukaa na kutazama. Nikawapa jina: Chama cha Watazama Tope. Lakini walichokiona si kidogo. Chembe zile zina umeme kidogo wa aina moja, kwa hiyo zinafukuzana, hakuna inayoikaribia nyingine. Ukitia chumvi, ule ugomvi unapungua. Zinakutana, zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Haba na haba hujaza kibaba, wao wakaipeleka methali maabara. Tena waligundua chumvi hazilingani nguvu: ya mezani unatia nyingi, ya shabu unatia chembe tu. Shabu ni lile jiwe jeupe kinyozi anakusugulia kidevuni, wewe bado hulijui.

Nilisoma kurasa mbili, nikafunga. Jumatano baada ya vipindi nikakoroga udongo wa mfinyanzi kwenye chupa ya maji, nikachukua shabu niliyoomba kwa kinyozi, nikaisaga. Kitabu kilisema kidogo. Nikajiambia, kama kidogo kinafanya kazi kwa nusu saa, ngumi nzima, yaani konzi iliyojaa, itafanya kwa dakika. Nikamwaga ngumi nzima.

Nikangoja. Maji yakabaki na ukungu. Nikatikisa, nikapuliza, nikasoma na bismillahi. Ukungu vilevile.

Nikapanda basi la shule chupa mapajani, macho kwenye ule ukungu. Dereva wetu, Mzee Kasimu, ni mtu wa Rufiji, na kwa miaka miwili nilikuwa namtania mwendo wake. Nilishawahi kumwambia, "Mzee, kobe ametupita pale Abu Hamour," naye akanijibu, "Na kobe hajawahi kupigwa faini." Siku hiyo watoto waliposhuka wote nikabaki mimi, akanitazama kwenye kioo.

"Leo msiba wa nani?"

"Wangu, mzee. Kesho natolewa kemia."

Akasimamisha basi kando, akaja kuitazama chupa. Akachovya kidole, akaonja, akacheka polepole.

"Hii shabu. Umetia kiasi gani?"

"Ngumi moja."

"Ngumi yako au ya mpiga masumbwi?" Akakaa kiti cha mbele yangu. "Sikiliza. Kwetu maji ya mto yalikuwa kama chai ya maziwa. Bibi yangu alikuwa na kipande cha shabu, anakizungusha kwenye ndoo mara saba, anakitoa, anakifuta, anakifunga kwenye kitambaa. Halafu haigusi ndoo. Siku moja tuna msiba, wageni wanangoja maji, nikaachiwa mimi. Nilitaka kuwahi mpira. Nikakisaga chote nikakitumbukiza. Maji yakagoma. Wageni wakanywa tope, na bibi akaniambia neno moja tu: 'Ulitaka maji, au ulitaka kuondoka?'"

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi hata chungu sikupata.

"Kwa nini yanagoma lakini, mzee?"

"Hilo sijui. Mimi dereva. Kitabu unacho wewe."

Jioni, baada ya Magharibi, nikakifungua ukurasa wa tatu, ule niliouruka. Mwanangu, ilikuwepo pale. Wale Watazama Tope nao walizidisha, wakaona maji yaliyokuwa yanatulia yanarudi ukungu. Sababu: shabu ikizidi, chembe zinavishwa umeme wa upande wa pili, zinaanza kufukuzana upya. Wangeweza kumwaga sinki na kunyamaza, kama nilivyokuwa nimepanga. Wao waliandika daftarini: hapa tulitia hiki, maji yakagoma. Kutokana na migomo hiyo ndipo elimu ilipopatikana.

Alhamisi nilipeleka chupa mbili. Ya kwanza ile ya aibu, nikawaeleza wazazi nilivyoiharibu, mpaka ngumi. Ya pili, ya udongo mpya, nikaitilia tone la maji ya shabu, nikakoroga, tone, nikakoroga, kisha nikaiweka mezani nikanyamaza. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza mbele ya watu ni kufunga mwezi mzima bila daku. Baba alikuwa mstari wa mbele anakunja kofia. Zikaanza kuonekana nyuzinyuzi kama theluji ya kwenye televisheni, zikashuka, na juu maji yakabaki safi hata ungeona vidole vya mtu wa upande wa pili.

Mwalimu Nakato alikuja akaitazama ile iliyogoma kwa muda mrefu kuliko iliyofanikiwa. "Jumapili, wiki ikianza, uje kemia," akasema. "Na ulete daftari, wewe kijana. Hii uiandike."

Nikatoka mbio hadi kwenye maegesho kumshukuru Mzee Kasimu. Akaniambia nifunge mlango, ubaridi wa basi unapotea.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Wakubwa wakikuambia kidogo, tia kidogo. Ukishatia, ondoa mkono, kwa sababu mambo mengi hutulia yakiachwa. Ukiharibu, usimwage, andika, mwoneshe mtu. Na muulize mzee aliye karibu nawe, hata yule unayemtania, maana anaweza kuwa alishafanya ujinga wako kabla baba yako hajazaliwa, na atakupa bure kilichomgharimu. Mungu akupe walimu wasiochoka nawe, akupe baba wa kusimama kwa ajili yako, na akujaalie kuwashukuru wangali wanakusikia. Amina.