Mti Nilioufunga Kuanzia Kileleni

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maharage sokoni Kibondo, mkono wangu unafika mpaka chini ya gunia, maana juu huwekwa yale mazuri. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata malaika akibisha hodi nitamdai kitambulisho. Basi fundi wa taa alipokuja kutoka Kasulu, alinikuta hivyo hivyo.

Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mwenye duka la kutengeneza simu na redio Kasulu mjini. Alitaka kufungua jingine Kibondo, na fremu aliyoitamani ilikuwa yangu, ile inayotazama stendi. Aliposikia kwamba sisi akina mama wa kanisa tumechomelesha miti miwili ya Krismasi ya chuma, spiringi kubwa zenye duara pana chini na ncha juu, kila moja na mlingoti katikati, alijitolea kuifunga taa bila malipo. Si taa za kuwaka na kuzima tu. Hizi, alituambia, kila moja ina akili yake; unazipangia rangi kwa simu, na mwanga unaweza kukimbia kutoka taa ya kwanza mpaka ya mwisho. Watu wakiiona kazi ile uwanjani mwa kanisa, wangejua fundi ameingia mjini. Nami nikiridhika, fremu ingekuwa yake.

Mtu wa msikitini anajitolea kupamba Krismasi! Nilijiuliza anatafuta nini, kana kwamba hakuwa ameshaniambia anachotafuta.

Wiki moja kabla ya sikukuu alileta maboksi mawili. La kwanza alilifungua mbele yangu, akazifunga taa zake kwenye mti mmoja, akianzia chini na kupanda polepole akiufuata mzunguko wa chuma. Alipojaribu, alibonyeza nyekundu zikawaka kijani. Akacheka kidogo, akasema taa nyingine husoma rangi kwa mpangilio wake, akabadilisha kitu kwenye simu, na nyekundu ikawa nyekundu. Mimi moyoni nilikuwa nimeshasema: kijani, rangi ya msikitini, ningetegemea nini kingine kwa mtu huyu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyowaza. Kisha akaomba simu yangu aniwekee programu ya kuziongoza taa. Nikampa ile ya zamani, isiyo na laini.

Akawahi gari la Kasulu. Boksi la pili aliniachia, ila aliniomba sana nisiliguse mpaka arudi kesho kutwa.

Hapo ndipo aliponikosea. Kwa nini nisiliguse boksi lililo ndani ya nyumba yangu? Asubuhi nilikuwa nimeshalifungua. Nilizihesabu taa moja moja, zikawa mia kamili, nikaamua kuzifunga mwenyewe asije akapata nafasi ya kuniwekea mbovu. Wala sikuona kazi ya kunishinda. Mama yangu alikuwa msusi wa vikapu kule Kitanga, vile vyenye mfuniko mrefu wa ncha, na mimi nimesuka mifuniko tangu utotoni. Mti ule ulikuwa mfuniko mtupu, na mfuniko huanzwa kwenye ncha. Nilimwona fundi akianzia chini, ni kweli, nikasema huyu hajawahi kusuka. Nikapanda juu ya meza, nikaufunga mwanzo wa waya kileleni na kushuka nao, nikikaza kila taa kwa kifungo cha plastiki na kukata mkia wake kwa mkasi. Nilipomaliza nilijisifu kwa sauti.

Fundi aliporudi, akina mama walikuwa wamekusanyika kutazama. Alisimama mbele ya mti wangu, akasema tu, "Kumbe umeshafunga, mama." Akaunganisha waya pale chini. Mti wake ukawaka. Wangu ukabaki chuma.

Akakagua viungo, akazima, akawasha tena. Halafu akainama, akalisogeza jicho kwenye taa moja, akainua uso mpaka kileleni, kisha akanitazama. Macho yale niliyaona, nami nikayasoma nilivyotaka: nikaona macho ya mtu aliyekamatwa. Akawaambia akina mama kuna kipande cha waya kimepungua, atakifuata Kasulu arudi nacho kesho.

"Kimepungua vipi, fundi?" nilimwuliza, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ni upande wangu, mama. Nilitakiwa kuja nacho."

Amekiri mwenyewe, nilifikiri. Alipoondoka niliwaambia wenzangu kwamba tumeletewa taa mbovu, na kwamba mtu huyo asingerudi. Alasiri hiyo hiyo alipita muuza kandambili aliyekuwa akiniomba fremu siku nyingi. Nikampa ufunguo. Hata kesho sikuingoja.

Fundi alirudi kabla ya adhuhuri. Gari la Kasulu lilimshusha stendi, mbele ya fremu yangu, na kandambili zilikuwa zimeshatundikwa mlangoni. Alipofika kanisani alinisalimia shikamoo kama kawaida, akapanda juu ya meza, akapitisha waya mpya kwenye mlingoti wa katikati mpaka kileleni, akaunganisha. Mti wangu ukawaka wote. Krismasi ile, mwanga wa mti mmoja ulipanda na wa mwingine ulishuka, na watu wakasema fundi huyu ni mbunifu kweli kweli. Mimi nilisema ana bahati.

Januari nilipokuwa nazifungua taa, nilikuwa nimevaa miwani. Kila taa ilikuwa na mshale mdogo, mdogo kuliko punje ya ulezi. Kwenye mti wake mishale yote ilitazama juu. Kwenye wangu ilitazama chini. Umeme wa taa zile hupita upande mmoja tu, ule unakotazama mshale, na mimi nilikuwa nimemletea fundi mkia badala ya kichwa. Nilikaa pale kwenye ngazi za kanisa, nikampigia.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Wenzako walikuwa wamesimama pale."

Nilimwuliza kwa nini basi hakuzivua tu na kuzigeuza, badala ya kwenda Kasulu na kurudi kwa sababu ya waya. Akasema angelazimika kukata vifungo vyangu mia mbele ya macho yao, navyo alivikuta vimekazwa vizuri.

Duka alilifungua Kakonko. Kila Desemba namsumbua kwa simu, naye hunielekeza kwa subira. Mwaka jana nilimwambia muuza kandambili anahama, fremu itakuwa wazi, na sitaki mpangaji mwingine ila yeye. Akasema asante, mama, huku wameshanizoea. Kisha akaniuliza kama nimeitazama mishale.