Picha Niliyoianika Juani

Juzi harusini nilimwona binti akipepea picha iliyotoka muda huohuo kwenye kamera, na pua yangu ikakumbuka mihogo iliyovundikwa.

Nilikuwa mtoto, kwa bibi, Rungwe Mpya, na kesho yake nilitakiwa kurudi kwa mama, Kasulu mjini. Mwalimu mmoja mgeni alipita na kamera ya namna hiyo, akampiga bibi picha akianika mihogo. Kamera ikanguruma, ikatema karatasi nyeupe.

“Subirini, atatokea,” alisema, akaenda zake.

Kwa bibi, kitu kikiwa bado hakijawa tayari kilianikwa. Nikaitandaza karatasi mkekani, katikati ya mihogo, nikakaa kufukuza kuku. Sikujua kwamba picha ile ilitaka kivuli. Nilipoiinua jioni, kitenge kilionekana, mikono ilionekana, lakini mahali pa uso palikuwa peupe kama unga. Nikalia kwa kwikwi.

Bibi aliitazama, akacheka.

“Afadhali. Sasa ukitaka kuniona, itabidi uje.”

Nikamwahidi kuja Krismasi. Mimi na mama tulikwenda mapema zaidi, tukakuta wanawake wameketi chini uani, wamejitanda khanga, na mkeka wa mihogo umekunjwa.