Vitabu vya Uuguzi na Bega la Kushoto

Bega la kushoto la mjukuu wangu nililiona kwa macho yangu. Habari ya pikipiki nilisimuliwa. Naanza kwa kuyatenga mambo haya mawili kwa sababu nyumbani kwetu, kwa likizo nzima, yalichanganywa kana kwamba ni jambo moja, na nusura binti huyo apoteze nafasi yake ya chuo kwa mchanganyiko huo.

Nilichokiona ni hiki. Alirudi kijijini kwetu Bashay kutoka chuo cha uuguzi mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza. Asubuhi iliyofuata alikuwa akianika nguo uani, na kila alipotaka kuifikia kamba alitumia mkono wa kulia. Wa kushoto ulifika usawa wa kidevu ukaishia hapo. Nilimwita, nikamwambia anyooshe mikono yote miwili juu. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na uso wake ulikunjamana kabla mkono haujafika sikioni. Nikamuuliza imekuwaje.

"Ni vitabu, Babu."

Hilo ni jibu lake. Mimi sikuwa naye njiani.

Nilichokisikia kilikuja kwa jirani yetu, mama aliyeolewa hapa kutoka Masieda. Yeye aliambiwa na dada yake, na dada yake aliambiwa na mtu ambaye hakutajwa, kwamba binti alianguka kutoka kwenye bodaboda akiwa na kijana. Nilimuuliza kama dada yake alikuwepo. Hakuwepo.

"Na aliyemwambia dada yako, alikuwepo?"

"Mzee, mambo mengine hayaulizwi hivyo."

"Yanaulizwa hivyo hivyo," nikamjibu, akaondoka amenuna.

Mwanangu, baba wa binti, aliipokea habari ile bila kuihoji. Alisema binti hatarudi chuoni mpaka aeleze ukweli; na hata akirudi, muuguzi asiyeweza kumwinua mgonjwa ni wa nini? Katika hoja ya pili hakukosea. Mwaka wa pili walikuwa wanaingia wodini kwa mafunzo ya vitendo, ambako wagonjwa hugeuzwa na kuinuliwa kwa mikono. Bega lisipopona, au likipona kisha likaumizwa tena na mzigo ule ule, masomo yangeishia hapo.

Sikumwamini jirani. Mjukuu pia sikumwamini; binti wa umri ule anaweza kuwa na sababu nyingi za kusema ni vitabu. Nimekuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na visingizio nilivyopewa na watoto wenye sare safi ni vingi mno. Kwa hiyo nilitaka kuona vitu. Mganga wa zahanati alimpima mbele yangu, akasema mfupa haukuvunjika, misuli ipumzishwe. Kuhusu chanzo hakusema, nami sikumlazimisha abuni. Begi lake la zamani lilikuwa limekatika mkanda mmoja. Sweta la chuo lilikuwa limelika begani upande wa kushoto, nyuzi zimekonda hadi mwanga unapenya. Upande wa kulia lilikuwa kama limetoka dukani jana. Nikampelekea mwanangu alitazame.

"Mzee," akasema, "sweta haliwezi kumzuia mtu kuanguka."

"Kweli. Lakini linaonyesha mzigo ulikaa wapi. Wewe una nini cha kunionyesha?"

Akalikunja sweta, akanirudishia. Tukakubaliana kwamba bega lipumzike hadi mwisho wa likizo, litafutwe begi lisiloliumiza, kisha tuone kama mkono utapanda. Usipopanda, binti abaki nyumbani.

Siku ya mnada tulikwenda Dongobesh watatu: mimi, mwanangu na binti. Nilibeba vitabu vyake vyenyewe ndani ya kiroba, kile cha anatomia kikiwa chini kwa sababu ya uzito wake. Mtu mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi alisimama kunitazama.

"Mzee, leo unauza vitabu? Mbuzi wamekwisha nyumbani?"

"Nanunua begi."

"Sasa hicho kiroba kina shida gani?"

Mwuza mabegi alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Alitoa shikamoo, nikaitikia, akashusha begi kubwa jeusi lenye zipu kila upande.

"Hili ni la wasomi, mzee. Linabeba kilo thelathini."

"Nani amelipima?"

"Ndivyo linavyojulikana."

"Linajulikana na nani?"

Akamgeukia mwanangu. "Huyu mzee ni hakimu?"

"Ni mwalimu."

"Afadhali angekuwa hakimu."

Ili kutumaliza, aliazima maharage kwa mama wa kibanda cha pili, akayamimina ndani ya begi hadi likavimba, akaliinua na kulibembeza mbele ya watu. Halikupasuka. Mwanangu aliridhika papo hapo na kuanza kuulizia bei, na waliosimama pale nao waliridhika. Sisi wa huku kila kitu tunakipima kwa nafaka au maharage. Chombo kikibeba maharage bila kufumuka, kimefaulu. Lakini maharage hayana kona. Yanatambaa, yanajipanga kufuata mgongo wa aliyeyabeba. Kitabu hakimpishi mtu. Nilimwomba amrudishie mama maharage yake, kisha nikavitia vitabu. Kile cha anatomia kilisimama wima, kikausukuma ushono wa chini, begi likaning'inia mbali na mgongo wa binti, na meno ya zipu yakaachana pembeni.

"Zipu ni kitu cha kubadilisha tu, mzee."

"Basi ibadilishe kwanza, halafu uniite."

Binti naye alikuwa ameshachagua lake: begi la kike linalong'aa, la mkanda mmoja.

"Babu, wenzangu wote wanabeba haya."

"Mimi nimewaona wenzako?"

"Hujawaona."

"Basi sijui wanabeba nini."

Akaguna. "Kwani Bibi ulimpataje, Babu? Naye ulimjaribu kwa kiroba?"

Mwuzaji alicheka hadi akashika mlingoti wa kibanda. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, na sikukasirika. Begi nikalirudisha kwenye msumari wake.

Katika rundo la mitumba nilikuta begi la turubai lenye rangi ya tope, mikanda yake mipana yenye sifongo, na sehemu ya chini imeshonwa kwa kitambaa cha mikunjo miwili. Lilinitia shaka kuliko yote. Mtu hatupi kitu kizima bila sababu. Nililigeuza ndani nje, nikalinusa, nikavuta kila ushono. Karibu na kona moja palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa mkono, kwa uzi mnene, mishono mifupi mifupi. Aliyekishona simjui. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna mtu alilibeba mpaka likachanika, na akaona bado linastahili sindano. Vitabu viliingia vikalala bapa.

"Livae," nikamwambia binti.

Akalitupia begani, la kushoto, bila kufikiri.

"Mikanda yote miwili."

Akavaa yote miwili, na begi likamkaa vizuri. Wakati huo huo alipita bibi mmoja wa kijiji chetu. Kabla hajatufikia, binti alikwisha kuuvua mkanda wa kulia. Akapiga goti kidogo, akatoa mkono. "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia, akauliza habari za masomo, akaenda zake. Mkanda wa kulia ukabaki ukining'inia. Hili sikuambiwa na mtu.

"Kwa nini umeuvua?"

"Si Bibi wa nyumbani alitufundisha? Mtu mzima hasalimiwi na mzigo mgongoni. Ni kama unamwambia una haraka."

"Na huko chuoni?"

"Kutoka chumba nilichopanga hadi chuoni ni mlima, Babu, na asubuhi wazee wote wako njiani wanakwenda mashambani. Navua, navaa, navua tena. Mwisho nikauacha tu. Begi likae kushoto, mkono wa kulia ubaki wa salamu. Hata ule mkanda wa begi la zamani ulikatika kwa kubeba uzito peke yake."

Maelezo haya yalilingana na sweta, na kwa sababu yalilingana mno nikayatilia shaka. Nikamuuliza hapo hapo, mbele ya baba yake, kama alipanda bodaboda.

"Nilipanda, mvua ikinyesha. Sikuanguka."

"Na kijana?" baba yake akadakia.

Binti aliinamisha uso. "Dereva ndiye kijana, Baba. Wazee hawaendeshi bodaboda."

Mwuzaji alianza kucheka tena, akaniangalia, akaacha.

Kama kweli hakuanguka, siwezi kuapa. Lakini lililotendeka mbele yangu nililijua, na hilo lilikuwa na dawa.

"Nisalimie," nikamwambia. "Mikanda yote ikiwa mabegani."

"Babu, watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana nataka hapa."

Akaurudisha mkanda, akasita, akakunja goti na vitabu vyote mgongoni. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Msalimie hivyo kila mzee utakayekutana naye. Atakayeudhika, mwelekeze kwangu Bashay."

Tukalichukua lile la turubai. Nyumbani mke wangu alilisikia jambo la salamu na hakulipenda. Alisema nawafundisha watoto ukosefu wa adabu. Nilimjibu kwamba adabu iko kwenye goti na mdomo, haiko kwenye mkanda. Sina hakika kwamba alikubali.

Wiki ya mwisho ya likizo mkono ulipita sikio, ukanyooka. Mwanangu aliutazama, akamwambia binti aupandishe tena, ukapanda. Akamruhusu binti arudi, ingawa kwa jirani yetu hakwenda kuikana ile habari, na jirani aliendelea nayo. Baadaye binti alituandikia kwa simu kwamba anavaa mikanda yote miwili na kwamba wazee wa mlimani wamezoea. Huo ni ujumbe wake. Jirani naye akaleta taarifa kwamba ameonekana na begi kwenye bega moja. Safari hii sikumuuliza ameonwa na nani.

Miezi kadhaa baadaye nilimpeleka mke wangu hospitali kwa ajili ya macho, katika hospitali ile ambako wanafunzi wa chuo hicho hufanyia mafunzo. Nikiwa ukumbini, mlango wa wodi ya wanaume ulikuwa wazi. Ndani nilimwona mjukuu wangu akiwa na mwanafunzi mwenzake kando ya kitanda cha mwanamume mnene aliyefungwa plasta mguuni. Hakuniona. Waliambiana neno, wakainama pamoja. Mkono wake wa kushoto ulipita chini ya mgongo wa mgonjwa, ukakaza, na mgonjwa akainuka kutoka kitandani akawekwa kwenye kiti cha magurudumu.